Kingamwili Mikononi mwa Mtani

Kwanza nieleze kichupa chenyewe, maana bila hivyo mtaniona mwehu, na waliokuja msibani siku ile waliniona hivyohivyo.

Kilikuwa kichupa cha plastiki kisichofika urefu wa kidole changu cha mwisho, na ndani yake tone moja la majimaji yasiyo na rangi wala harufu. Tone hilo ndilo kingamwili. Kuna watu huko ng'ambo wanachukua kipande cha protini ya ubongo, wanamdunga sungura, mwili wa sungura unakasirika na kutengeneza askari wa kuikamata protini ile tu, si nyingine. Kisha wanawavuna askari hao kwenye damu yake, wanawasafisha na kuwauza kwa bei ya kukutia kichaa. Protini niliyokuwa naisaka mie inaitwa kipokezi cha glutameti. Chembe za ubongo zinapeana habari kwa kemikali hiyo ya glutameti, na kipokezi ndicho sikio. Bila masikio hayo mtu hajifunzi kitu wala hakumbuki kitu. Kazi yangu ya shahada ya uzamili ilikuwa kuonyesha jinsi masikio hayo yanavyopungua kwenye ubongo wa panya wazee. Panya nilikuwa nao, mashine nilikuwa nazo, kingamwili ndiyo ilikuwa imebaki tone.

Tone hilo lingetosha kwa jaribio la mwisho. Jaribio likikubali, namaliza na navaa joho mwaka huohuo na wenzangu. Kichupa kikiharibika, kuagiza kingine ni suala la miezi, na wenzangu wananiacha. Na kinachokiharibu ni kitu kimoja ambacho Dar es Salaam haijawahi kukikosa, nacho ni joto.

Alhamisi moja friza kubwa la maabara likafa. Maabara yetu iko upande wa Mwenge. Fundi akaja, akafungua nyuma, akatikisa kichwa, akaenda kula mchana na hakurudi. Msimamizi wangu, mwanamume mtaratibu asiyependa maneno mengi, akatukusanya akasema kila mtu aondoke na mtoto wake. Basi tukatawanyika na viboksi vyetu vya barafu. Mmoja alikwenda kuweka vitu vyake kwa mjomba wake muuza samaki, mwingine buchani. Mie nikavuka mji mzima hadi Mtoni, Temeke, nyumbani kwa bibi mzaa baba, ambako shangazi yangu anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule. Friza la shangazi halizimwi hata dunia ikizimika.

"Humu mna nini?" akauliza shangazi.

"Ni kitu cha maabara, shangazi. Hakina madhara."

"Kimetokana na nini?"

Nikasema sungura. Akauliza sehemu gani ya sungura. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka na jua, nikasema damu.

Shangazi akavuta kigoda akakaa. "Damu," akasema. "Kwenye barafu za watoto wa watu."

Nikamweleza usafishaji wote, hatua moja baada ya nyingine, mpaka mate yakanikauka. Akanisikiliza vizuri tu. Nilipomaliza akakichukua kichupa, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia ndani ya mfuko, vyote akavitumbukiza kwenye kopo la siagi, akalifunga kopo kwa mpira wa nywele na kulisukumia pembeni kabisa, mbali na ubuyu. Akasema kikivuja nitaliosha friza lote kwa udongo. Nikamwambia udongo ni kwa najisi ya mbwa. Akasema huyo sungura wa Ulaya hamjui, hawezi kumdhamini.

Bibi alikuwa barazani kwenye kiti chake, ananitazama kwa heshima wanayowekewa wageni. Alishanisahau jina zamani. Siku nyingine nilikuwa marehemu dada yake, siku nyingine nilikuwa nesi. Watu hudhani nilichagua kusomea mambo ya kumbukumbu kwa ajili yake, na mie huwa nawaacha wadhani hivyo kwa sababu inapendeza. Ukweli ni kwamba msimamizi alikuwa na panya wazee wa ziada.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, bibi akafariki. Alikunywa chai, akasema amechoka, akajilaza, basi.

Mnaijua misiba ya kwetu. Kabla sijavaa vizuri turubai lilikuwa limeshafungwa, mikeka imetandikwa, na wanawake nisiowajua wanamenya vitunguu uani na kuniagiza maji. Bibi alikuwa na asili ya Kimbiji, kwa hiyo baada ya swala ya Ijumaa wanaume wakaondoka naye kwenda kumzika kwao, na njia ile ya kule mkiikuta mbaya mnarudi jioni. Nyumba ikabaki ya wanawake, na kila mwanamke akawa na shida na friza. Mmoja anataka kuweka nyama. Mwingine anataka barafu za ukwaju ziyeyushwe ziwe juisi ya wafiwa. Mmoja, Mungu ampe anachostahili, akachomoa waya wa friza akachomeka simu yake.

Nikawa nasimama pale. Sikupanga, lakini kila nikiondoka narudi nakuta mtu ameinua mfuniko anachungulia kama dirisha la jirani. Mwisho nikaegemea mfuniko kabisa, mikono nimeitandaza. Sauti za kilio zinatoka chumbani, na mie nimekodolea macho kitaa cha kijani cha friza, naomba umeme usikatike. Nilikuwa sijalia. Niliona haya kidogo, nikajiambia nitalia Jumatatu, jaribio likishaisha.

Sasa kwa asiyejua, sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, jambo la tangu enzi za misafara ya miguu, wao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo yao. Mtani akija msibani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza. Anaweza kuficha sufuria wali ukiwa jikoni, au kuchukua kiatu chako, na hukipati mpaka umkomboe kwa anachotaka yeye. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unapigwa faini, na watu wote wanakuwa upande wake.

Bibi alikuwa na mtani wake mwenyewe, mwanamke wa Kinyamwezi anayekaa nyumba ya nyuma, ua kwa ua. Aliletwa Mtoni akiwa bi harusi, akajifunza kupika kwa nazi mpaka akatupita wenyewe. Maisha yao yote yeye na bibi walikuwa wakitukanana juu ya ule ua, asubuhi kabla ya chai. Bibi alipoanza kupoteza kumbukumbu alisahau majina ya wanawe, akasahau njia ya msikitini, lakini matusi ya yule mtani alikuwa nayo yote na aliyatoa kwa mpangilio.

Kwa hiyo nyumba nzima ilijua anakuja. Shangazi alishahamishia sufuria zake nzuri kwa jirani. Waliovaa viatu vizuri walivikalia. Kila mtu wa pwani anajua kwamba msibani usionyeshe unachokipenda mbele ya mtani. Ila mie, msomi wa ubongo, ndiye niliyekuwa nimekumbatia friza.

Akaja. Tulimsikia kabla hatujamwona. "Umeniacha na nani, mlafi wewe," alikuwa analia, "nani atanimalizia mboga zangu, mvivu wa kupika?" Wanawake wakaangua kicheko, wengine machozi hayajakauka. Akaingia chumbani kwa bibi, akatoka amejifunga khanga za bibi na kushika mkongojo wa bibi. Akapita uani akikagua masufuria, akaonja mchuzi akautema, akafika kwangu, akasimama.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Na wewe umeajiriwa lini ulinzi?"

"Nimepumzika tu hapa."

"Wenzako wanapumzika kwenye mkeka," akasema, akaondoka zake pole pole, na mie nikajiona nimepona.

Alasiri nikaenda kutawadha. Niliporudi mfuniko ulikuwa wazi, mifuko ya nailoni iko sakafuni, na kopo la siagi limegeuzwa chini juu.

Nikatoka uani mbio. Katikati ya mikeka ulikuwepo ungo, juu ya ungo pamba, na juu ya pamba kichupa changu kimevingirishwa kitambaa cheupe, kichwa tu kinaonekana. Mtani amekaa pembeni yake na khanga za bibi, anajipepea. Jua la alasiri lilikuwa linapiga ungo wote.

"Wenye nyumba," akatangaza, "mmetuficha. Kumbe mna maiti wa pili, mchanga huyu, mmemfungia kwenye barafu hata hamjamtangaza."

Wanawake wakaanza kusogea kutoa pole, mmoja mmoja, wananishika mkono. Mwingine akauliza kwa huruma marehemu alikuwa anaumwa nini. Shangazi akapiga kelele kutoka jikoni kwamba hicho ni cha sungura, mzaha sawa, ila dua zisiguswe. Mtani akamwambia asiwe na wasiwasi, huyu maiti ni wa sungura, hana dini.

"Bibi, naomba," nikasema. "Hicho kinaharibika kwa joto. Kinakufa."

"Kwa joto lipi?"

"Hili hapa."

Akatazama juu, akatazama wenzake. "Tumekaa kwenye joto hili tangu tuzaliwe. Umeona nani amekufa?"

"Amekufa bibi," akadakia mmoja, na wakacheka tena.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba sie tunasoma kwa shida, kwamba kitu kile kimetoka ng'ambo na hakuna kingine, kwamba nisipokipata sasa hivi sitamaliza chuo mwaka huu, kwamba ujinga huu ndio unaoturudisha nyuma. Nilipofika kwenye ujinga nikawaona wanatazamana. Kisha wakasema wote kwa pamoja, kwa furaha kubwa: "Faini."

Faini yangu ilikuwa kuosha sufuria la ubwabwa, lile linaloingia mtu. Nikaliosha. Nimeinama ndani yake kichwa hakionekani, nasugua ukoko, na najua kila dakika tone langu linachemka pale juani. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mama. Nilipotoka nikasema nimelipa, naomba changu.

"Hiyo ilikuwa faini," akasema. "Ukombozi bado."

"Unataka nini?"

"Nataka ulie."

Nikadhani nimekwisha. Akaniambia tangu aingie ananitazama, wajukuu wote wamelia, hata yule aliyekuwa hamsalimii bibi, mie tu ndiye niliyelinda barafu. Nikiweza kumlilia bibi yangu kama mtu aliyefiwa, nachukua maiti wangu na kwenda.

Basi nikalia. Yaani nilijitahidi. Nikafunika uso kwa mtandio, nikatikisa mabega, nikatoa sauti. Walitulia kunisikiliza, kisha mwanamke mmoja akasema kile kilikuwa kikohozi. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Mtani akauliza wenzake mnasemaje, wakasema hapana, hicho cha kwenye maigizo ya televisheni. Mwingine akanishauri niinamishe shingo na nisikimbilie kumaliza. Nilikuwa nafanya mtihani wa kulia kwenye msiba wa bibi yangu mwenyewe, na nilikuwa nafeli.

Mtani akasimama. Akauokota mkongojo, akapinda mgongo, akaburuza mguu wa kushoto vile vile alivyouburuza bibi, akaja mpaka mbele yangu. Akanitazama muda, macho yamejaa adabu kama hanijui. Akaninyooshea kiganja.

"Umekula?" akasema.

Ilikuwa sauti ya bibi kabisa. Bibi alikuwa amesahau kila kitu changu, jina, baba yangu ni nani, naishi wapi, lakini nilikuwa siwezi kupita pale barazani bila kuulizwa nimekula, na nikijibu ndiyo, baada ya muda ananiuliza tena, na mie nilishaanza kuchoka na kujibu huku natazama simu. Alhamisi ile pia aliniuliza. Nilikuwa na kiboksi cha barafu mkononi, sikumjibu.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sufuria, na sauti iliyonitoka sikuijua. Hakuna aliyecheka. Mtani akakaa nami chini na khanga zile za bibi, akanishika kichwa, na shangazi akaacha jiko akaja. Tulikaa hivyo mpaka wali ukaungua. Nilipopata fahamu kichupa kilikuwa kwenye kiganja changu, na kilikuwa na joto la chai iliyopoa.

Nilikirudisha kwenye barafu. Mtu hata akijua kimeshakufa, anarudisha.

Friza la maabara lilifufuka wiki iliyofuata, nikafanya jaribio. Kazi yenyewe ni kama kusaka mtu kwa picha yake. Unazitandaza protini za ubongo kwenye utando mwembamba, unaumwagia kingamwili, na pale kipokezi kilipo panatokea mstari mweusi. Niliusubiri ule mstari. Utando ukatoka mweupe, safi, wa kufungia vitumbua.

Msimamizi akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. "Ubongo wa panya una shida?"

"Hauna."

"Basi ni kingamwili. Ilikaa wapi?"

"Kwenye friza, mwalimu. Halafu ikachukuliwa na mtani, msibani."

Akavua miwani. "Mtani wa nani?"

"Wa bibi. Mnyamwezi."

"Ah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ni mvua. Akanisimulia kwamba walipokwenda kumzika baba yake, watani waliingia kaburini wakakaa, wakakataa kutoka mpaka waletewe jogoo. Mtu mzima yule, na shahada zake zote za ng'ambo, hakuniuliza hata kidogo kwa nini niliruhusu. Akaniambia niandike kwenye ripoti kwamba kingamwili ilipata joto kwa sababu za kifamilia, na kwamba ataagiza nyingine, na kwamba mwaka huu tena haiwezekani. Nikaenda chooni nikaupiga mlango teke.

Wenzangu walivaa majoho. Sikwenda, nilisema naumwa. Shangazi kwa hasira zake akamweleza mtani yote, kwamba kile kichupa kweli kilikufa na mtoto amerudi nyuma mwaka mzima kwa ajili ya mzaha wake.

Hitima ya kumrehemu bibi ilipofika, miezi kadhaa baadaye, mtani akaja mapema, kabla ya watu. Amejitanda vizuri, amebeba kuku. Hakupiga kelele mlangoni. Nilimsalimia, akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa kwenye mkeka, akaniita karibu.

"Mwanangu," akasema, "nisamehe. Sikujua. Nilidhani ni vitu vyenu tu."

Nikasubiri sehemu ya pili, ile ya tusi. Haikuja. Alikuwa anatazama mikono yake, na nikaona jinsi alivyozeeka na jinsi alivyokuwa mdogo bila zile kelele. Shangazi alisimama mlangoni na bakuli, hajui aliweke wapi. Kwa miezi yote nilikuwa nimeutamani msamaha ule, nimeupangia mpaka majibu ya kuukataa, na sasa nimeletewa na kuku juu, nikaogopa. Mtani haombi radhi. Mtani akiomba radhi ameshakuwa jirani wa kawaida, na kile kilichokuwa kati yake na bibi kimekwisha, na mie ndiye niliyekimaliza kwa kununa. Nikasema nimesamehe. Akashukuru, akala kidogo, akaondoka kwa adabu. Siku ile nzima sikuwa na raha.

Kesho yake asubuhi nikazunguka nyumba ya nyuma. Mlango wa uani ulikuwa wazi, yeye yuko kisimani kwa jirani anachota. Nikaingia jikoni kwake, nikachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya mti mweusi aliyoletewa siku ya harusi na asiyomwazima mtu, nikaibeba begani. Nilimkuta anaingia na ndoo.

"Unakwenda wapi na mbuzi yangu?"

"Maabara," nikasema. "Utaipata kichupa kingine kikifika. Na Mnyamwezi nazi ya nini? Rudi kwenye karanga zenu."

Aliitua ndoo. Nikaona uso wake unafanya kazi, haujui uende wapi. Kisha akavuta pumzi, na nilivyoiona ile pumzi nikaanza kukimbia. Alinifuata mpaka nje akinitukana mie na ukoo wangu, walio hai na waliolala Kimbiji, wezi wa pwani, wazembe, watu wa kucheza ngoma mpaka mvua ya kupandia iwapite. Majirani wakatoka kutazama. Alipoona hanipati, akaugeukia ua wetu na kupaza sauti juu yake.

"We mzee, njoo umwone mjukuu wako anavyoniibia. Haya ndiyo uliyomfundisha? Toka nje unijibu."

Akasimama akisubiri, mkono kiunoni, kama alivyokuwaga akisubiri kila asubuhi. Baraza lilikuwa tupu. Basi nikasimama na mbuzi yangu begani, nikamjibu mie.